Siku Mama Alipomjua Kila Mtu

Ofisini walimwita Kamusi, na kwa kuwa hakuna aliyemwendea bila shida, jina lilimkaa vizuri. Kazi yake ilikuwa kutafsiri vipeperushi vya hospitali, yale makaratasi ya kukunjwa ambayo mgonjwa hupewa mlangoni akaenda kujipepea nayo kwenye foleni. Chumba chake kilibanwa kati ya dobi na stoo ya magongo. Upande mmoja ukuta ulikuwa wa moto kwa mvuke. Upande wa pili magongo yaliangukiana kila mlango ulipobamizwa, na kila yalipoanguka yeye alishtuka, ingawa alikuwa akiyasikia tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Alikuwa na wasiwasi kama wengine walivyo na kipaji: alizaliwa nao, akaukuza, mwishowe ukampatia ajira. Aliingia pale kama mpiga taipu. Siku moja akapewa kipeperushi kilichomwagiza mgonjwa atie dawa ndani, bila kusema ndani ya nini. Akaenda kuuliza. Hakuna aliyekuwa na jibu, na adhabu ya kuuliza ikawa kukabidhiwa vipeperushi vyote. Tangu hapo kila sentensi aliisoma kwa macho ya mtu mjinga kuliko wote, kisha kwa macho ya mtu mwenye haraka, kisha kwa macho ya wakili. Nyumbani alirudi jikoni kuhakikisha jiko limezimwa, halafu akarudi tena kuhakikisha kwamba hakuliwasha alipokuwa akihakikisha.

Aliishi na mama yake pamoja na mdogo wake, waliyemwita Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga uzazi. Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za watoto wa mtaa mzima, na kabla ya kukupima alikutazama mara moja tu, akajua kiuno chako kuliko ulivyotaka kijulikane. Kisha ukamwingia usahaulifu. Kwanza ulichukua vitu vidogo vidogo, mkasi, siku za juma, halafu ukaanza kuchukua watu. Kamusi akawa “Sista”, muuguzi, na kila asubuhi aliombwa kwa heshima amruhusu mgonjwa arudi kwao. Kitinda akawa mama wa mama, cheo alichokipokea kwa kujivuna kidogo. Mkubwa wao, kaka yao, dereva wa malori, ndiye aliyeangukiwa na cheo kibaya. Yeye akawa mwizi.

Haikuwa utani. Kila alipoingia chumbani, mama alipiga yowe. Mara ya kwanza Kamusi ndiye aliyemwita. “Njoo, Kaka, leo mama kakutaja!” Kweli alimtaja, ila alikuwa akimwagiza mtu fulani amkamate. Kaka alikuja na zawadi mkononi, akapokewa na majirani wenye fimbo, na ikabidi atoe kitambulisho ili athibitishwe kuwa mtoto wa nyumba ile. Mara ya pili, ambayo nayo ilitokana na Kamusi, hakukuwa na fimbo, kulikuwa na kandambili tu, lakini ililengwa vizuri. Aliiokota, akaiweka miguuni pa mama, akatoka. Nje akamwambia dada yake, “Siku utakayoniita tena, uwe na uhakika. Si matumaini. Uhakika.” Akawa anatuma vitu, anapiga simu, anauliza habari. Mlangoni hakukanyaga tena.

Mambo yalikuwa hivyo wakati neno lilipoletwa ofisini.

Lililetwa na mhariri, bosi wake, mzee mmoja mkavu waliyemwita Mizizi kwa kuwa hakuweza kuona neno limesimama bila kuling'oa aone limeotea wapi. Hospitali ilitaka kipeperushi kipya, cha familia zenye mgonjwa anayekaribia kuaga dunia. Mizizi aliketi juu ya boksi la karatasi, akavua miwani.

“Bibi Kamusi, kuna hali hii. Mgonjwa akili imempotea miaka. Hamjui mtu, haongei la maana. Ghafla siku moja anarudi. Anawataja watoto wake, anaomba chakula, anacheka. Kisha anakufa. Baada ya saa, baada ya siku, inategemea. Wenzetu wameipa jina. Sisi hatuna.”

“Jina lenyewe linasemaje?” aliuliza Kamusi, na mkono wake ukaacha kuandika.

“*Terminal lucidity*. Lina vipande viwili, vyote vya asili ya Kilatini. Hicho cha nyuma ni mtoto wa *lux*, mwanga. Kitu kinachong'aa mpaka ukaona chini yake, kama maji safi. Lakini usidhani madaktari ndio waliokiokota. Wanasheria waliwatangulia, karne nyingi. Mwendawazimu akifa ameacha wosia, ndugu wanapelekana mahakamani: aliuandika akiwa kwenye kipindi cha mwanga, au akiwa gizani? Ukiwa wa kwenye mwanga, unasimama.”

“Kwa hiyo neno lilianzia kwenye ugomvi wa urithi.”

“Maneno mengi ya heshima yalianzia huko. Cha mbele kimetoka kwenye *terminus*. Jiwe la mpaka wa shamba. Warumi walilifanya mungu kabisa, wakalitolea sadaka, ili jirani asilisogeze usiku. Halafu juzi juzi tu, karne hii hii, mwanabiolojia mmoja Mjerumani akavifunga vipande hivyo pamoja. Kabla yake kila daktari aliisimulia hali hiyo kwa maneno yake, kwa kirefu, kama mtu anayeeleza ndoto.”

“Na akirudi hivyo, Mzee, anakufa kila mara?”

“Asipokufa, haiitwi hivyo.”

“Kwa hiyo huwezi kulitumia neno hili mpaka uwe umezika.”

Mizizi alilifikiria jambo hilo kwa furaha ya mtu aliyepewa pipi. “Kwa usahihi, ndiyo. Ni jiwe ambalo unaliona ukishalipita.”

Walijaribu. “Zinduko la mwisho,” alisema Kamusi, na Mizizi akasema linanuka maji aliyomwagiwa mtu aliyezimia. “Mwanga wa mwisho” aliukataa Kamusi mwenyewe, ulikuwa kama balbu. “Uangavu wa mwisho” ulibaki mezani kwa kukosa wa kuutoa. Kilichomkera ni lile “mwisho”. Aliiona mbele yake familia imeketi kando ya kitanda, mgonjwa anacheka, na binti mmoja, pengine ndiye aliyekwenda shule, ana kikaratasi mkononi chenye neno hilo. Binti huyo afanye nini nalo? Mizizi alisema hiyo si kazi ya mfasiri, akaondoka. Magongo yakaanguka.

Kesho yake alirudi nyumbani alasiri, akakuta mlango wa chumba cha mama uko wazi na Kitinda amesimama katikati, mikono kichwani.

“Sumaku,” alisema mama kutoka kitandani, “hilo dirisha mmelifunga ya nini? Mnanihifadhi nisioze?”

Kamusi alishika mwimo wa mlango. Jina la Sumaku lilikuwa lake utotoni, alipokuwa akitambaa chini ya cherehani na kipande cha sumaku kuokota pini na sindano zilizodondoka. Miaka mingi hakuna aliyemwita hivyo. Wote waliolijua, ukimtoa Kaka, walikuwa mle chumbani.

“Dada, kapona!” Kitinda alimrukia shingoni. “Kaanza mchana. Kaniita kwa jina langu, kaomba uji, kaumaliza, kauliza nani aliyepaka rangi mbaya hivi ukutani! Mbona umekunja uso kama mtu aliyelamba betri? Furahi basi!”

“Nafurahi,” alisema Kamusi.

Alifungua dirisha. Kwa majuma kadhaa mama alikuwa akikataa chakula. Alikuwa amepungua mpaka mfupa wa bega ulichomoza chini ya gauni kama kishikio cha mlango, na daktari, aliyekuja akaondoka upesi, alisema mwili umechoka. Mwili ulikuwa bado umechoka, kila mtu aliweza kuuona. Aliyerudi ni mwenye mwili.

Akavuta kiti, akaanza kumpima mama yake. Alijua anachofanya ni cha aibu, lakini hakuweza kujizuia. Aliuliza habari za majirani, za nyumba waliyohama, za baba. Mama alijibu yote. Alieleza habari za mwanamke wa nyumba ya pili aliyerudisha gauni akidai limembana, “kumbe gauni lilikaa palepale, yeye ndiye aliyesogea.” Kitinda alicheka mpaka akakaa chini. Kamusi alicheka pia, roho juu, akisubiri. Miaka yote aliomba mama apatie jina moja tu. Sasa aliomba akosee. Akosee siku, akosee rangi ya shuka, amwite Sista. Jibu moja la kipuuzi, naye angepumua.

“Wewe,” mama alisema, “unanihoji kama askari wa mpakani. Kuna nini?”

“Hakuna, Mama.”

“Una uso wa baba yako akificha jambo.”

Kamusi alitoka na simu yake, akasimama ukumbini pembeni ya cherehani lililofunikwa kitambaa. Ilikuwa lazima kaka aambiwe. Hilo alilijua tangu mlangoni, na muda ule wote wa maswali alikuwa akilikimbia. Swali ni aambiwe nini. Akimwambia mama amepona, atakuwa amemdanganya. Akimwambia mama anakufa, atakuwa amesema jambo ambalo hata neno lenyewe la Kilatini halithubutu kulisema mapema. Uhakika, alisema kaka. Si matumaini.

Akaandika: Mama ana nafuu. Akaifuta, nafuu ni ahadi. Akaandika: Mama ametulia. Akaisoma kwa macho ya mtu mwenye haraka, akaona inatangaza msiba, akaifuta kwa kasi. Akaandika: Njoo. Neno hilo peke yake lingempindua mtu na lori lake. Akaandika: Njoo, si vibaya. Akafuta “si vibaya”. Chumbani alisikia mama anapiga miayo, lakini kidole kilikuwa bado kinatafuta neno. Watu wengine wakipatwa na hofu hukimbia, wengine hupiga kelele. Yeye alihariri.

“Sumaku!” Mama aliita. “Unamwandikia nani huko?”

Alirudi na simu mkononi kama mtoto aliyekutwa na kisu. “Kaka.”

“Yuko wapi?”

“Kazini. Yadi ya malori, nadhani wanapakia.”

“Mpigie.”

“Nimwambie nini, Mama?”

Mama alimtazama kwa yale macho ya kupima kiuno. “Utamwambia nini wewe? Nipe mimi.”

Katika hesabu zake zote, Kamusi hakuwa amefikiria hilo. Alipiga, akaweka spika, akamshikia mama simu karibu na mdomo.

“Haya, Kamusi,” ilisema sauti ya kaka, nzito, nyuma yake injini inanguruma. “Nani kafa?”

“Hajafa mtu. Ni mimi.”

“Mimi nani?”

“Mimi nani! Mimi niliyekuzaa ukitanguliza miguu, ukanitoa roho, ndiye mimi nani. Umekula?”

Injini ilinguruma peke yake kwa muda. Kisha ikazimwa.

“Mama?”

“Nimekuuliza umekula.”

“Bado, Mama.”

“Basi njoo ule. Na upite polepole, hiyo gari si baiskeli.”

Kaka hakuuliza kama kuna uhakika. Alisema, “Naacha lori hapa, nakuja,” akakata.

Safari ilikuwa ya kumaliza jua, na kusubiri kule ndiko kulikommaliza Kamusi. Mama alikuwa amechoka. Kila kope zilipoanguka, binti yake alikohoa, akasogeza kiti, akauliza kama anataka maji. Alimletea mkebe wa vifungo avichambue. Alimsomea bei za vitambaa kwenye gazeti kuukuu, na mama, aliyekuwa na maoni makali kuhusu bei, aliamka kidogo akamtukana mwenye duka. Kisha akachoka tena.

“Niache nifumbe macho kidogo. Siendi mbali.”

“Usilale, Mama, Kaka yuko njiani.”

“Nikilala hatafika?”

Mama akalala. Kamusi alikaa akiangalia gauni likipanda na kushuka kifuani. Hakuogopa sana kwamba hataamka. Aliogopa kwamba ataamka akiwa yule mwingine, apige yowe, na kaka atakuwa ameitwa mara ya tatu kuja kupigwa kandambili.

Kaka alifika jua likiwa limeshika ukingo wa dirisha. Hakuingia. Alisimama kizingitini, jitu zima lenye mikono ya grisi, mguu mmoja nyuma tayari kwa kurudi, kama alivyozoea. Mama alifumbua macho. Alimtazama. Alimtazama tena. Kaka aliinua viganja kidogo, bila kujua, kama dereva aliyesimamishwa barabarani. Kitinda alishika mkono wa Kamusi akaubana.

“Umenenepa,” alisema mama.

Hakuna aliyesogea.

“Ingia basi. Au nikufuate huko?”

Aliingia. Aliketi ukingoni mwa kitanda, na kitanda kikalia.

“Kitinda ananiambia nilikuwa nakuita mwizi.”

“Uliniita, Mama.”

“Ulikuwa umeiba nini?”

“Sikuiba kitu.”

“Hata sukari?”

Kaka alijikuna shingo. “Hiyo ilikuwa zamani.”

“Basi sikukosea sana,” alisema mama, na kaka alianza kucheka, kicheko kikageuka njiani, akainamisha uso kwenye shuka, na mkono wa mama, mwepesi kama jani kavu, ukamshika kisogo.

Kamusi na Kitinda waliwaachia chumba, wakaenda jikoni. Kitinda alikuwa amewaka kwa furaha. Alipakua chakula cha kaka huku akipanga maisha: kesho wangemtoa mama nje aote jua, wangetafuta fundi alitie mafuta cherehani, rangi ya ukuta ingebadilishwa awe na amani. “Na daktari yule nitamfuata nimwambie, mwili umechoka nini! Au siyo, Dada?”

Kamusi alitazama sinki lililojaa. Alikuwa na neno, alikuwa na mizizi yake yote miwili, angeweza kueleza kwa sentensi safi ambayo hata mtu mjinga kuliko wote angeielewa.

“Peleka chakula, ukae nao,” alisema. “Vyombo nitaosha mimi.”

Kitinda aliduwaa na sahani mkononi. Tangu wazaliwe, dada yake hakuwahi kujitolea kuosha vyombo. Alimtazama usoni, muda mrefu, na ile furaha ikaanza kumtoka taratibu, kuanzia machoni.

“Dada. Unajua kitu.”

“Sijui. Kweli sijui. Nenda tu.”

Akaenda, bila kukimbia. Kamusi alifungulia maji. Aliosha vikombe, akaviosha tena. Kupitia ukutani alisikia sauti tatu, na ya mama ilikuwa ileile, sentensi nzima nzima, zenye kichwa na miguu, na kila iliyokamilika ilimchoma. Alikuwa anasugua sufuria isiyo na uchafu alipoitwa.

“Sumaku! Mnaosha vyombo vya harusi? Njoo ukae.”

Alikwenda na mikono inayotiririka maji. Safari hii hakuwa na la kuuliza. Alikaa sakafuni, mahali alipokuwa akikaa na sumaku yake, akaegemeza mgongo kwenye kitanda, na mama akaendelea kumweleza kaka jinsi alivyokuwa mtoto asiyependa kuvaa suruali. Hadithi ilikuwa na kasoro, kaka akaipinga, mama akasema yeye ndiye aliyekuwepo. Wakabishana mpaka mama akasinzia katikati ya hoja, akiwa anashinda.

Alifariki kabla ya juma kuisha, mchana, usingizini, wote watatu wakiwa nyumbani. Kipeperushi kilitoka baadaye kikiwa na “uangavu wa mwisho”, kwa kuwa Mizizi hakupata bora. Kitinda alipokisoma hakuzungumza na dada yake kwa muda; kisha akazungumza, lakini kuhusu vitu vingine.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na asubuhi iliyofuata jioni ile ya Kaka. Kaka alikuwa amelala kwenye kiti, shingo imepinda. Kamusi aliingia na beseni la maji, mama akageuza kichwa.

“Sista,” alisema kwa adabu. “Huyu bwana ni nani?”

Kaka aliamka. Aliyaona macho yale, akayajua. Aliokota viatu vyake polepole, akaanza kuinuka ili atoke kabla ya yowe.

“Kaa, baba,” mama alimwambia. “Hawajakupa chai?”

Alibaki nusu amesimama, nusu ameketi. “Bado, mama.”

“Watu wa hapa hawana adabu. Sista, mpe chai.”

Kamusi alileta chai. Kaka aliinywa ikiwa ya moto, huku akijibu maswali: ndiyo, anaendesha malori, ndiyo, barabara ni mbaya, hapana, hasafiri leo.

“Na mama yako yuko hai?”

“Yuko hai.”

“Umemwona karibuni?”

“Jana jioni,” alisema kaka.

“Vizuri,” alisema mama, akavuta shuka mpaka kidevuni. “Wengine huwa hawaendi.”